Hajafika

Muhula wa pili mwaka 2025 nilibeba madaftari arobaini na saba kutoka shuleni hadi nyumbani, ndani ya matatu ya Barabara ya Jogoo, nikiyakumbatia magotini kama mtu aliyebeba mayai. Swali nililowapa Kidato cha Tatu lilikuwa hili: andika kisa kitakachoanza kwa maneno, "Mlango ulibishwa mara ya pili." Niliwaambia nataka taharuki. Nataka nishindwe kuweka daftari chini.

Nilisahihisha mpaka saa saba usiku. Karibu katika kila daftari usiku ulikuwa wa manane, giza lilikuwa totoro na mvua ilinyesha kama ya gharika. Mioyo ilidunda kama ngoma. Malaika ya mwili yalisimama. Halafu, ghafla bin vuu, kitu kikatokea. Kitu gani? Hakitajwi. "Kitu kile" kinasogea, "mtu yule" anakaribia, "jambo lile" linatendeka, na kwenye mstari wa mwisho msimulizi anaamshwa na mamake ajitayarishe kwenda shule. Kumbe ilikuwa ndoto! Visa kumi na tisa viliishia kitandani.

Niliingiwa na huzuni, kwa sababu hawa watoto nawajua. Wakati wa mapumziko mmoja wao akianza kusimulia jinsi askari wa kaunti walivyomvamia mchuuzi pale Muthurwa, wenzake humzunguka, na kengele ikilia hakuna anayebanduka. Najua, kwa sababu mara nyingi mimi ndiye mwalimu wa zamu ninayewafukuza warudi darasani, na mara nyingine nimesimama kando nikangoja mwisho kwanza. Watoto walewale wakishika kalamu, kisa hufa. Kinachobaki ni radi na umeme.

Siku iliyofuata nilirudisha madaftari na kusema wazi kwamba sikuona taharuki. Msichana mmoja akainua mkono. "Lakini mwalimu, si taharuki ni kuficha? Wewe mwenyewe ulitufundisha."

Alisema kweli. Ndivyo nilivyowafundisha, na ndivyo nilivyofundishwa. Taharuki, tunaandika ubaoni, ni ile hamu ya msomaji ya kutaka kujua kitakachotokea. Mwanafunzi akisikia hivyo, anafanya hesabu yake: kama hamu inatokana na kutojua, basi nikimnyima msomaji kila kitu atakuwa na hamu isiyo na kifani. Hesabu hiyo ina mantiki. Ila matokeo yake ni madaftari arobaini na saba yenye kitu kile, na mimi nikipiga miayo.

Sikumjibu siku hiyo. Nilimwambia anipe hadi Alhamisi.

Jibu nililipata nyumbani, katika kumbukumbu ya redio. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, tukiishi Kaloleni. Jumamosi ya tarehe 5 Disemba 1987, klabu yetu ya soka, Gor Mahia, ilikuwa ikicheza na Espérance ya Tunisia hapa Nairobi, mkondo wa pili wa fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika. Mkondo wa kwanza kule Tunis ulikuwa umeisha mabao mawili kwa mawili. Baba aliketi ukingoni mwa kiti, redio ya betri mapajani, na matokeo yalikuwa bao moja kwa moja. Mama alipita na sufuria ya maji akauliza, "Si wako sare? Mbona unatokwa na jasho, Baba Nani?" Baba akamweleza haraka haraka, bila kulitoa sikio redioni: jumla ikiwa sare, mabao ya ugenini ndiyo yenye uzito, nasi tulifunga mawili kwao, wao moja tu kwetu. Mechi ikiisha hivi, kombe ni letu. Hao wakifunga moja tu, moja tu, limekwenda.

Mama akaweka sufuria chini. Hakuondoka tena mpaka kipenga cha mwisho kilipopulizwa na mtaa mzima ukalipuka kwa vifijo.

Nimeliwazia tukio hilo miaka mingi kama kumbukumbu ya wazazi wangu tu. Usiku huo nililiona kwa jicho la mwalimu. Mtangazaji hakuwa amebadilisha sauti. Kelele za uwanjani zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kwamba mama sasa alijua. Alipokuwa hajui, sare ilikuwa sare. Alipojua kilichomo ndani ya hiyo sare, kila mpira uliovuka katikati ya uwanja ulimshika roho. Basi kumbe taharuki huanza na kujua. Msomaji asiyejua chochote hana cha kuhofia, hana cha kutumaini, hana sababu ya kubaki.

Alhamisi niliwasimulia habari za sufuria ile. Kisha nikaomba daftari moja la kujitolea, tulisome pamoja. Kijana mmoja wa nyuma akalitoa lake. Lilianza hivi: "Mlango ulibishwa mara ya pili. Nilitetemeka kama unyasi penye upepo mkali. Nani huyo? Nilijiuliza bila kupata jawabu."

Nikamuuliza: ni nani aliyekuwa nyuma ya mlango?

Akanyamaza. Akacheka kidogo kwa haya. "Sijaamua, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikawanyamazisha, kwa sababu kijana yule alikuwa ametusaidia sote. Hakuwa anamficha msomaji kitu. Hakuwa na kitu cha kuficha. Nikauliza wangapi wengine walikuwa hawajaamua, mikono ikainuka moja moja, mpaka nikaacha kuhesabu. Nadhani hapo ndipo penye kiini cha tatizo letu lote. Ndoto ya mwisho ni njia ya kutoka nyumba ambayo mwandishi mwenyewe hakuijenga.

Tukaijenga. Nani anabisha? Mwenye nyumba. Kwa nini msifungue? Kodi ya miezi miwili. Nani yuko ndani? Mama, mimi, na mtoto mchanga. Wao wakasema, mimi nikaandika ubaoni, na baada ya kufutafuta sana tukabaki na hiki:

"Mlango ulibishwa mara ya pili. Mama alikuwa amejibanza nyuma ya kabati, kiganja mdomoni. Mwenye nyumba alijua tuna deni la miezi miwili. Alichokuwa hajui ni kwamba tumo ndani. Mtoto alikuwa amelala kifuani pangu, na saa yake ya kuamka kunyonya ilikuwa imefika."

Nilipoisoma kwa sauti, mtu mmoja dirishani akanong'ona, "Woi, huyo mtoto!"

Hakuna radi hapo. Hakuna usiku wa manane, tena tulikubaliana iwe saa nane mchana, jua likiwaka, watoto wa majirani wakicheza mchezo wa kati huko nje. Hakuna kilichofichwa hata kimoja. Na bado arobaini na saba walitaka kujua kama mtoto atalia.

Hilo ni la kwanza: msomaji apewe kanuni za mchezo. La pili ni kumchelewesha, na hili ndilo lililonipa furaha kubwa, kwa sababu wenyewe walikuwa nalo tangu utotoni. Tunafundisha vitendawili kila mwaka katika fasihi simulizi na tunavipita mbio kama orodha ya kukariri. Lakini tazama vinavyofanya kazi. Kitendawili! Tega! Mtegaji anatega, watu wanahangaika, wanashindwa. Sasa jibu analo yeye, na kila mtu anajua analo. Halitoi. Anasema, "Nipeni mji." Wanampa Mombasa. Anaupokea, anasafiri: nilikwenda Mombasa, nikakaribishwa kwa mahamri na mbaazi, wazee wakaniuliza mbona wenzako hukuja nao, nikawaambia wamebaki wakikuna vichwa. Watu wanacheka, wanaguna, wanamwambia tuambie basi. Ndipo anapotoa jibu.

Yule aliyebuni desturi hii alielewa kwamba anayengoja jibu ana thamani ya mji mzima mkononi mwako. Na alielewa pia kwamba ukimngojesha mtu ni sharti umpe kitu njiani. Safari ya Mombasa ina utamu wake. Ingekuwa kukaa kimya tu, watu wangeondoka.

Basi darasani kwetu "mji" ukawa neno la kazi. Mtu akichelewesha jambo katika kisa chake, amechukua mji. Na mji una watu au hauna. Mvua, giza na upepo ni mji usio na watu: unapita barabarani peke yako. Lakini mwenye nyumba akibisha, kisha msimulizi akatazama kabati na kukumbuka kwamba ndilo kitu pekee walichohama nacho kutoka mtaa wa kwanza, na kwamba mama alikataa kuliuza hata walipokosa unga, huo ni mji wenye watu. Msomaji anangoja mtoto alie, na huku anazidi kumpenda huyo mama aliye nyuma ya kabati. Akirudi mlangoni, hofu imekuwa nzito zaidi. Walianza kusahihishana kwa lugha hiyo bila mimi. Nilimsikia mmoja akimwambia jirani yake, "Hapa umekaa Mombasa mno, rudi nyumbani." Na jirani akafuta sentensi tano.

Niseme pia la methali, ingawa najua baadhi ya walimu wenzangu hatutakubaliana. Tumewazoesha wanafunzi kwamba insha bila methali ni chai bila sukari, na vitabu vya marudio vimejaa orodha za kukariri. Katika insha ya kimaelezo, sawa. Katika kisa cha taharuki, methali iliyopachikwa katikati ya hofu huua hofu. Mtu anayekimbizwa na mbwa hana nafasi ya kukumbuka kwamba mwenda pole hajikwai. Tashbihi nazo ni hivyo. Ukisema nilikimbia kama swara, msomaji anamwona swara, na yule mtoto anayekimbia anatoweka. Mwenzangu mmoja wa idara aliniuliza, kwa nia njema, kama siwaponzi. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ni saa moja na dakika 45, insha mbili, kila moja alama 20, na swali la kwanza ni la lazima na si la kubuni kisa. Wapi muda wa kujenga nyumba na kabati? Swali lake lina uzito. Nilimjibu kwamba mwanafunzi anayejua ni nani anabisha mlango huandika haraka kuliko anayetafuta kimbunga cha kujazia ukurasa. Tangu hapo nimeona hivyo kwa wengi, si kwa wote.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo limo ndani ya sarufi yetu.

Katika Karatasi ya pili tunawafundisha viambishi vya wakati na hali kana kwamba ni vipuri vya gari. Huyu -li-, huyu -ta-, huyu -me-, panga, taja, pata alama mbili. Kidato cha Tatu walikuwa wamevikariri vyote. Siku moja niliandika ubaoni maneno mawili tu: Hakufika. Hajafika. Nikauliza, yupi kati yao anakunyima usingizi?

Wakatazama. Hakufika imefungwa. Siku imekwisha, mtu hakuja, tumekula, tumelala. Hajafika iko wazi. Sahani yake imefunikwa. Kila pikipiki inayopita nje inasikizwa. Kiambishi kimoja, herufi mbili, na ndani yake mna matumaini na hofu vikiwa vimeketi pamoja. Hajafika ina maana kwamba anangojewa. Lugha yetu ina kiambishi kizima kwa ajili ya kungoja, na sisi tumekuwa tukikitumia kujaza mapengo katika zoezi la ukanushaji.

Tuliviangalia vingine kwa jicho hilo. -ka- inakimbiza: akaja, akafungua, akaona, akapiga yowe. Nzuri kwa mbio, lakini wanafunzi wetu huiandika ukurasa mzima, na mbio zisizokoma zinachosha kama kusimama. -ki- inamshika msomaji mkono na kumzuia mlangoni: kitasa kikizunguka, mama akinitazama, mtoto akianza kunyanyua mkono. Na nafsi ya tatu yenyewe, ile a-, haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. "Anapanda ngazi." Ni nani? Lugha imekuwekea siri moja bila gharama yoyote, kwa hiyo huna haja ya "mtu yule asiyejulikana". Kijana wa nyuma, yule wa "sijaamua", aliandika hilo kwenye jalada la daftari lake: Anapanda ngazi.

Baada ya wiki tatu za namna hii niliwapa kazi mpya. Andika juu ya jambo dogo ulilolingoja, lililotokea nyumbani kwenu au ungeamini kwamba linaweza kutokea. Bila maiti. Bila majambazi. Bila ndoto.

Msichana aliyeniuliza kama taharuki si kuficha aliandika juu ya mita ya stima ya tokeni, ile ya kulipia kabla inayoonyesha uniti zilizobaki. Sentensi yake ya kwanza: "Mita ilisoma 1.9." Mama yake, katika kisa, ni fundi wa nguo. Ana sare kumi na mbili za chekechea za kumaliza, mteja atazichukua alfajiri asafiri nazo, na pesa za kutanguliza zimekwisha lipwa kodi. Cherehani ni ya stima. Kila aya inafungwa kwa mita: 1.4, 0.9, 0.6. Katikati anachukua mji, na ni mji wenye watu, maana mama anamsimulia jinsi alivyojifunza kushona kwa kufumua nguo za mitumba na kuzirudisha. Inafika 0.2, kisha sufuri, stima inakatika sare ya kumi ikiwa chini ya sindano. Jirani anawanunulia tokeni, ujumbe unaingia kwenye simu iliyobakiwa na chaji asilimia 2. Tarakimu ishirini. Binti anazisoma kwa sauti gizani, mama anabonyeza. Nne nne, nne nne.

Mnaoishi Nairobi mnajua. Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu nikisoma, chai imepoa, nikamwomba Mungu ile simu isizimike. Ilizimika kwenye tarakimu ya kumi na saba. Na binti akazisema tatu zilizobaki, kwa sababu alikuwa amezisoma mara moja zote kabla ya kuanza, "kama Mama alivyonifundisha kupima kitambaa kabla ya kukata." Maneno hayo kuhusu kitambaa yalikuwa yameshatajwa mwanzoni, mama akiyasema kwa kawaida tu, nami niliyapita bila kuyaona. Nilirudi ukurasa wa kwanza kuyatafuta. Yalikuwepo. Alikuwa amenipa kila kitu.

Nilimpa alama ambayo sijawahi kumpa mtu katika insha ya ubunifu, na sitaitaja hapa kwa sababu wenzake husoma ninachoandika.

Daftari jingine lilikuwa la mvulana asiyesema sana, anayeketi karibu na mlango. Yeye hakubuni. Aliandika Jumanne tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge. Kaka yake mkubwa alikuwa ameondoka asubuhi kwenda mjini, na chupa ya maji na bendera. Kisa kinatokea chote ndani ya chumba kimoja cha nyumba yao. Televisheni inawaka. Intaneti inasuasua. Mama anapiga simu, na ile sauti ya mwanamke tunayoijua sote inasema mteja hapatikani. Saa kumi. Saa kumi na mbili. Hajapiga. Hajaonekana. Baba hajala. Saa mbili usiku rafiki ya kaka anapita, anasema waliachana karibu na Barabara ya Kenyatta, hajui zaidi. Mama hajakaa chini tangu adhuhuri. Kila aya ina hiyo -ja-, na sidhani alikuwa akinionyesha kwamba somo limemwingia. Naamini hakuwa na neno jingine la siku ile.

Niliposoma nilijisikia vibaya. Mimi ndiye niliyesema taharuki, mimi ndiye niliyetaka nishindwe kuweka daftari chini, na huyu mtoto amenipa saa nyingi za maisha ya mama yake. Nilimwita baada ya kipindi cha mwisho tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu. Nilimwambia kwamba hakulazimika kuandika hilo. Akasema anajua. Akasema ni rahisi zaidi kuliandika kuliko kulisimulia, kwa sababu ukiandika unaweza kusimama.

Kaka yake alirudi. Niliuliza hilo kwanza, kabla ya salamu kwisha, na nilimwona akifurahi kwamba niliuliza. Lakini katika daftari kisa kinaishia hivi: "Saa tano na robo mlango ukafunguliwa. Amefika. Ana kiatu kimoja. Hajasema kitu." Nilitaka kumshauri aongeze aya moja, mama akimkumbatia, chakula kikipashwa moto. Nilifungua mdomo nikaufunga. Nikamuuliza tu kama tangu siku ile kaka ameshawasimulia kilichompata.

Akatikisa kichwa. "Bado, mwalimu."

Daftari lake liko nami hapa mezani. Sijaandika alama.